Hatujawahi Kukosa Onyesho

Shati lilikuwa na vifungo saba, na Nadine Unruh alikuwa amefanikiwa kufunga kimoja. Alisimama kwenye maegesho ya ofisi ya mafao mjini Wichita, mgongo ameuegemeza ubavuni mwa gari, upepo ukililaza shati lile kushoto na kulia. Halikuwa lake. Lilikuwa la mke wa Gil. Katika nguo zake zote hakuwa na hata moja isiyokuwa na jina la bendi kifuani, kama si bendi anayopigia yeye basi ya marafiki, na wakili alikuwa amemwonya asithubutu kuja na fulana ya bendi mbele ya jaji.

"Hebu lete huku," Wendell akasema.

Wendell Beagley alikuwa mpiga ngoma wao, mtu wa miaka sitini mwenye magoti mabovu na subira nyingi. Alianza na kifungo cha chini, akapanda taratibu, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo.

"Unanikaba."

"Acha deko. Mheshimiwa akikuona kitovu atakunyima."

"Akikiona atanionea huruma, anipe na ya mwaka kesho."

Gil Truax, mwimbaji na dereva, alitoa kichwa dirishani. "Saa tatu kasoro kumi. Ukitoka kabla ya saa tano tunapata muda wa kula, halafu moja kwa moja Tulsa. Kushusha vyombo ni saa kumi kamili."

Onyesho la Tulsa lilikuwa limepangwa tangu Mei. Barua ya kumwita Nadine kwenye kikao ilikuja Julai, ikiwa na tarehe ileile. Barua ilisema anaweza kuomba siku nyingine, ila atarudishwa mwisho wa foleni, na foleni ilikuwa ya miezi kumi na minne. Kwa hiyo walipakia vyombo alfajiri kule Salina, mjini kwao, wakaja navyo. Wazo la kufuta onyesho halikumjia mtu yeyote, si yeye, si wenzake. Lingekuja kutoka wapi?

Pingili tatu za shingo yake zilikuwa zimesagika. Daktari wa zahanati ya bure alimwonyesha kwenye picha mahali mshipa wa fahamu wa mkono wa kushoto ulipobanwa. Kidole cha pete na kile cha mwisho vilikuwa vimekufa ganzi tangu majira ya baridi yaliyopita, na sasa cha kati nacho kilikuwa kinaanza. Afanyiwe upasuaji kabla ya baridi nyingine kuingia, daktari alisema, la sivyo mkono huo utabaki wa kutundikia mfuko. Hospitali ilitaka kadi ya matibabu. Kadi ilikuja pamoja na mafao ya ulemavu. Nadine alikuwa na miaka hamsini na nne, hakuwa na mwajiri, mume wala mtoto mdogo, na katika jimbo lao la Kansas maskini wa namna hiyo hapewi kadi mpaka athibitishe kwamba hafai tena kwa kazi.

Alikuwa amekuja kuthibitisha kwamba hafai. Wakati Wendell akimalizia ukosi, alijisikia aibu, kama vile amekuja kuiba.

Chumba cha kikao hakikuwa na madirisha. Palikuwa na bendera, jagi la maji, boksi la karatasi laini za kufutia pua, na katikati ya meza kijispika cha rangi ya majivu. Wakili wa msaada, Todd Ferris, alikuwa ameonana naye mara moja tu, dakika ishirini. Sasa alimwinamia sikioni.

"Kumbuka. Usimwambie unaweza. Mwambie kinachokupata ukijaribu. Siku yako mbaya kuliko zote, hiyo ndiyo uisimulie."

Jaji Crandall aliingia akiwa na macho mekundu. Alikuwa mwanamke wa rika la Nadine, mwenye sauti ya upole iliyozibwa na mafua.

"Mnisamehe," alisema, akivuta karatasi. "Leo ilikuwa nibaki nyumbani kitandani. Karibu, Bi. Unruh. Usiogope, hapa tunazungumza tu."

Akamwapisha. Akamtambulisha na mtaalamu wa ajira, ambaye hakuwepo chumbani. Alikuwa kwenye simu kutoka Denver. Kijispika kikakwaruza, kikasema habari za asubuhi. Waya wake umelegea, Nadine akafikiri, ukisukumwa kidogo utatulia. Mkono wake ulitaka kwenda kuusukuma.

Jaji aliuliza kuhusu usingizi, maumivu, vidonge. Nadine alijibu kama alivyofundishwa. Alieleza vikombe vilivyomponyoka, ufunguo ambao hausikii ukiwa mkononi, na shati, kwamba asubuhi ile amefungwa vifungo na mpiga ngoma. Jaji alitikisa kichwa kwa huruma, akaandika. Ferris alianza kukaa vizuri kwenye kiti chake. Kisha jaji akafunua ukurasa.

"Kuna barua hapa ya Bw. Gil Truax. Imeletwa moja kwa moja ofisini kwangu."

Ferris aligeuka akamtazama Nadine. Nadine naye alitazama meza.

Ndiyo, Ferris alikuwa ameomba barua ya mtu aliyefanya naye kazi, apelekewe yeye kwanza aisome. Lakini Gil hakuwahi katika maisha yake kupitisha jambo kwa mtu wa kati. Hiyo ndiyo iliyokuwa imani ya bendi. Walikataa meneja, walikataa kampuni, walikataa wakala. Gil aliwaandikia wenye kumbi mwenyewe, mmoja mmoja, na siku zote alimwandikia aliye juu kabisa. Alipoambiwa barua ni ya jaji, akamtumia jaji. Na kwa miaka ishirini na sita alikuwa amejua kuandika barua ya aina moja tu.

Jaji alivaa miwani, akasoma kwa sauti, akipumzika mara kwa mara kupenga pua.

"'Bendi yetu ya Mbwa wa Jirani ilianza kwenye gereji moja mjini Salina na tangu siku hiyo haijakaa kitako. Albamu kumi na moja, magari matano, majimbo arobaini na matatu, maonyesho zaidi ya elfu tatu. Hatuna kampuni, hatuna meneja, hatuna wapagazi. Vyombo vyetu tunabeba wenyewe. Tumepiga kwenye mabaa, kwenye maghala, kwenye vyumba vya chini vya makanisa, na mara moja kwenye duka la matairi huku watu wakibadilishiwa matairi. Na hatujawahi kukosa onyesho hata moja.'"

Kijispika kilikwaruza.

"'Nadine Unruh, gitaa la besi, ndiye nguzo yetu. Mjini Boise alipiga na homa kali, anatapika kwenye ndoo nyuma ya spika katikati ya nyimbo, na hakuna aliyejua. Omaha alipiga na mguu umevunjika kidole. Mwezi wa nne, Lincoln, alipiga kwa vidole viwili tu vya kushoto, na gazeti la pale likaandika kwamba hatujawahi kusikika safi namna ile. Hamtapata mchapakazi kama yeye popote. Tunaomba mtufikirie. Picha na rekodi nimeambatanisha.'"

Jaji aliinua boksi dogo, akalitikisa. Rekodi ilikuwa humo.

"Yaliyoandikwa hapa ni kweli, Bi. Unruh?"

Kiatu cha Ferris kilimgusa chini ya meza. Nadine alielewa maana ya kiatu kile. Lakini hayakuwa maneno ya uongo, na alikuwa ameapishwa, na zaidi ya hayo yote alikuwa ameyasikia maisha yake yakisomwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

"Ni kweli, Mheshimiwa."

"Hamjawahi kukosa hata moja?"

"Hata moja."

Alisikia jinsi sauti yake ilivyopanda. Alijiona yuko wima kitini. Nyumba hakuwa nayo, akiba hakuwa nayo, meno mawili ya nyuma hakuwa nayo. Hicho kimoja alikuwa nacho, na alikitoa kwa fahari mbele ya jaji kana kwamba kingemsaidia.

"Hata kwa msiba?"

"Mama yangu alizikwa Salina. Siku hiyo tulikuwa na onyesho mbali, kule Spokane."

"Kwa hiyo ukaenda Salina."

"Nilipiga Spokane."

Jaji alivua miwani. "Hukuomba ruhusa hata ya siku moja?"

"Ningemwomba nani, Mheshimiwa?"

Jaji alirudi kwenye karatasi zake. Aliandika mstari mrefu.

Ferris aliomba kumuuliza mteja wake. Alijaribu, lazima isemwe. "Bi. Unruh, mweleze jaji siku yako ya kazi ilivyo. Si jukwaani. Siku nzima."

Nadine akaeleza. Kwamba kupiga ni dakika arobaini na tano. Kinachobaki ni kukaa garini saa saba, kisha kubeba. Unashusha, unapandisha, unapanga, unapiga, unapangua, unashusha tena, unapakia. Akaeleza juu ya Friji, kabati lake la spika, ambalo wapiga besi wote huliita hivyo kwa urefu na uzito wake: ratili mia na hamsini. Hulibeba watu wawili, Wendell chini na yeye juu, akipanda ngazi kinyumenyume, shingo imekunjwa ili aone pa kukanyaga. Mara mbili kwa siku. Spika ndogo waliyokuwa nayo waliiuza mwezi wa tatu ili gari litengenezwe gia.

"Na ngazi zipo kila mahali?"

"Kila mahali. Mlango wa mbele ni wa wateja."

"Asante," Ferris akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu anayeamini jambo.

Jaji alikigeukia kijispika. "Mtaalamu, kazi ya Bi. Unruh iko daraja gani?"

"Mwanamuziki," sauti ikasema. "Kwenye orodha ya kazi ya serikali ni kazi nyepesi, Mheshimiwa. Kunyanyua kisichozidi ratili ishirini."

"Amesema mia na hamsini," Ferris akadakia.

"Nimemsikia. Alivyoifanya yeye, ni nzito sana, sibishi. Lakini swali la kisheria ni kazi hiyo inavyofanywa kwa kawaida nchini. Kwa kawaida mwanamuziki habebi vyombo. Kuna watu wa kubeba."

"Wako wapi?" Nadine akauliza.

"Bi. Unruh, tafadhali," jaji akasema.

"Nauliza tu, Mheshimiwa. Miaka ishirini na sita na sijawaona. Kama wapo, na waje, gari liko hapo nje."

Kijispika kilikwaruza. "Wamo kwenye orodha, mama," kikajibu, bila ubaya wowote.

Jaji aliuliza swali lake la mwisho polepole, akilisoma. Mtu wa umri huu, mwenye ganzi katika vidole viwili vya mkono usio wa kuandikia, anayeweza kukaa na kusimama, ambaye rekodi inaonyesha hakosi kazini hata akiwa mgonjwa: je, anaweza kurudi kwenye kazi yake?

"Anaweza, Mheshimiwa. Kazi nyepesi ya muziki anaiweza. Tena naona bado anaifanya, na gazeti limemsifu. Akichoka nayo, anaweza kukata tiketi mlangoni au kukaa kwenye kibanda cha maegesho. Na kuhusu kuhudhuria kazini," sauti ikaingiwa na heshima ya kweli, "rekodi kama hii mimi nimeiona mara chache sana."

Uamuzi ungekuja kwa posta ndani ya siku tisini. Jaji alikunja karatasi zake, akapenga pua, akamshukuru Nadine kwa kuja. Alisema anakwenda kulala. Vikao vya mchana amevisogeza mbele.

Kwenye korido Ferris alisimama karibu na mashine ya soda, mkoba kifuani.

"Nilikuambia usiseme unaweza."

"Sikusema naweza. Nimesema nilikwenda."

"Kwao ni kitu kimoja."

"Ile barua haiwezi kutolewa?"

"Kikishaingia jaladani kimeingia." Alitazama saa. Alikuwa na mteja mwingine. "Tutakata rufaa, kama itabidi. Inachukua mwaka hivi."

Nadine alihesabu miezi mpaka baridi ya kwanza. Ilitosha vidole vya mkono mmoja, na bado vilibaki.

Nje, Gil alikuwa ameshawasha gari. Alimwangalia usoni kama anavyowaangalia wenye kumbi baada ya wimbo wa kwanza.

"Enhe? Imekuwaje?"

"Wataandika."

"Na barua? Waliiona?"

Nadine alipanda kiti cha nyuma, akavuta mlango kwa mkono wa kulia. "Jaji ameisoma yote. Kwa sauti."

"Yote?" Gil aligeuka mzima mzima. "Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno."

"Mpaka Boise?"

"Na ndoo yake."

Gil alipiga usukani kwa kiganja. Alikuwa ameiandika jioni nne mfululizo, mke wake akiichapa, yeye akiibadilisha na kuisoma kwa sauti akizunguka jikoni. Hakuna barua aliyoipenda kama ile. "Niliwaambia! Mtu akiambiwa ukweli wote anatikisika. Alisema nini?"

Nadine alitazama kisogo chake, nywele zilizokuwa nyeusi walipoanza. Alikuwa na hasira naye, na alimpenda, na alikuwa amechoka kuliko vyote viwili.

"Alisema mahudhurio yangu ni mazuri sana."

"Si unaona!" Gil akaingiza gia. Kwenye kioo, Wendell alikutana na macho ya Nadine. Aligeuka akafungua dirisha.

Walikula njiani, chili ya moto, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage, na andazi kubwa la mdalasini pembeni, kama wanavyokula shuleni watoto wote wa Kansas. Wendell alilikatakata la Nadine vipande vidogo bila kuambiwa. Gil alizungumza njia nzima. Kadi ikifika Novemba, upasuaji Desemba, Machi wako barabarani tena. Denver, Boise, pwani yote. Nadine aliitikia panapohitajika. Shamba likafuata shamba, na ghala la nafaka likafuata ghala la nafaka, mpaka walipovuka kuingia Oklahoma.

Walifika Tulsa saa kumi kasoro robo. Msimamizi wa ukumbi, bwana mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, aliwapokea mlango wa nyuma mikono juu.

"Mbwa wa Jirani! Kabla ya saa, kama kawaida. Ningekuwa na bendi kumi kama nyinyi ningelala usingizi. Hawa vijana wa kufungua onyesho wamenipigia asubuhi, hawaji. Eti mmoja ana mafua."

"Mafua!" Gil akacheka.

"Ndiyo hapo sasa. Mnaweza kunipigia saa nzima badala ya dakika arobaini na tano? Au saa na robo?"

"Tutapiga," Gil akasema. Hakugeuka kuwauliza wenzake, kwa sababu jibu lilikuwa hilohilo siku zote.

Njia ya mteremko ya kupitishia mizigo ilikuwa imezibwa na lori la bia lililokuwa likishusha mapipa. Zilibaki ngazi za chuma, kumi na nne. Gil hakuruhusiwa kunyanyua tangu aliposhonwa ngiri kwa kadi ya matibabu ya mkewe, ambaye ni mwalimu. Alichukua gitaa mbili akatangulia kushika mlango. Wendell aliinamisha Friji, akaingia chini yake, magoti yakamlia. Nadine alipanda ngazi ya pili, akageuka kinyumenyume, akashika vishikio. Mkono wa kulia ulishika. Wa kushoto ulionekana umeshika, lakini Wendell aliponyanyua, ulifunguka wenyewe na Friji likarudi kumgonga kifuani.

"Weka chini," Nadine akasema. "Samahani. Weka chini kwanza."

"Nimwite huyu mwenye funguo?"

Nadine alitazama juu. Msimamizi alikuwa mlangoni na Gil, wakicheka jambo. Shati la mke wa Gil lilikuwa bado limefungwa mpaka ukosini, na lilikuwa limelowa mgongoni.

"Usimwite mtu," akasema.

Wendell aliliegemeza Friji kwenye ngazi. Kisha akachomoa kiunoni ule utepe mweusi wa kunata wanaobandikia nyaya jukwaani. Aliukunja mkono wa Nadine wa kushoto juu ya kishikio, kidole kimoja kimoja, kama alivyofunga vifungo asubuhi, akauzungushia utepe mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Akaukata kwa meno.

"Imekaza?"

"Sijui," Nadine akasema. "Zungusha tena."